Sindano za Wachina na kisu cha munganga: maumivu yanakwenda wapi?

Kwenye kare za zahabu, kuanzia Mongbwalu mpaka Mambasa, kuna hadithi moja inayotembea tangu zamani. Watu wanasema: « Kwa Wachina, munganga anaweza kupasua mutu bila kumulalisha. Anamuchoma tu masindano madogo-madogo, na mugonjwa anabaki macho wazi, anaongea. » Wengine wanacheka, wengine wanaamini kabisa. Na kuna wale wanaoishika hadithi hii juu ya woga: wana ngiri inayowasumbua kila wakibeba mfuko wa mawe, au mguu uliovunjika ukaunga vibaya, lakini wanaogopa dawa ya usingizi kuliko ugonjwa wenyewe. Wanasema, afadhali tungoje munganga wa sindano.

Tumeamua kuifungua hadithi hii vizuri. Ndani yake kuna ukweli, tena ukweli wa ajabu kuhusu mwili wetu. Lakini kuna sehemu iliyofichwa, na asiyeijua anaweza kuumia.

Ilianzia Shanghai

Kuchoma sindano nyembamba mwilini ili kutuliza maumivu ni dawa ya zamani sana kule China. Kwa Kifaransa inaitwa acupuncture. Sisi tutaandika akupunktura. Kwa miaka mingi ilitumiwa kwa maumivu ya kichwa, mgongo, viungo. Kuitumia wakati wa operesheni ni jambo jipya: lilianza Shanghai mwaka 1958, madaktari walipoondoa tonsili za mgonjwa kwa kumchoma sindano peke yake.

Ilikuwa zamani za Mao Zedong. Dawa za hospitali zilikuwa chache, watu walikuwa wengi, na serikali ilitaka kuonyesha kwamba akili ya China inatosha. Mwezi wa saba 1971, vyombo vya habari vya serikali ya Beijing vilitangaza kwamba wagonjwa zaidi ya 400,000 walikwisha kupasuliwa kwa njia hiyo.

Mwezi huo huo, mwandishi mkubwa wa gazeti la New York Times, James Reston, aliugua apendesiti akiwa Beijing. Alipasuliwa, akapona, akaandika habari yake, na dunia nzima ikaisoma. Hadi leo watu wengi wanasema Reston alipasuliwa kwa sindano za Wachina. Si kweli. Yeye mwenyewe aliandika kwamba walimpiga dawa ya ganzi ya kawaida, iliyokufisha sehemu ya katikati ya mwili wake. Sindano zilikuja usiku wa pili baada ya operesheni, tumbo lilipojaa na kumbana. Walimchoma kwenye kiwiko na chini ya magoti, wakamwekea joto la majani yaliyowashwa, na baada ya muda tumbo likalegea. Hadithi ilipotoka kinywa kimoja kwenda kingine, ikabadilika. Ni kama habari za zahabu tu: gramu moja inayookotwa Kilo, ikifika Bunia imekuwa kilo nzima.

Mwezi wa pili 1972, Rais Nixon wa Marekani alikwenda China, na wageni wengi wakaonyeshwa operesheni za sindano. Mwezi wa kwanza 1973 Rais Mobutu naye alikwenda Beijing, na baada ya hapo madaktari wa China wakaanza kuja Zaïre. Zanzibar ilikwisha kuwapokea tangu 1964. Siku hizi Kinshasa kuna hospitali ya urafiki wa Congo na China, kule N'Djili. Kwa hiyo hadithi ya sindano haikutufikia kwa upepo tu: ilikuja pamoja na watu.

Maumivu yanapita njia gani

Ili tuelewe sindano inafanya nini, tujue kwanza maumivu yanasafiri namna gani.

Fikirieni shimo refu. Mtu wa chini akitaka kuambia wa juu jambo, anavuta kamba. Mwili nao una kamba zake: ni nyuzi za fahamu, nyembamba kuliko unywele, zinazotoka kwenye ngozi, nyama na mifupa mpaka ndani ya uti wa mgongo. Ziko za namna mbalimbali. Zile za kugusa ni nene na zinakwenda mbio sana. Zile za maumivu ni nyembamba, nazo ni aina mbili: moja inapeleka maumivu makali ya haraka, lile « aï! » la kwanza nyundo inapokupiga kidole, nyingine inakwenda polepole, kama hatua ya mtu anayetembea, nayo inaleta lile lichomo linalobaki na kupwita.

Habari ikifika kwenye uti wa mgongo haipandi moja kwa moja. Kuna kizuizi pale, kama barrière ya barabarani. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba nyuzi nene za kugusa zinaweza kufunga barrière hiyo mbele ya nyuzi nyembamba za maumivu. Ndiyo maana ukijigonga unasugua mahali panapouma bila kufundishwa na mtu, na maumivu yanapungua. Mama akipuliza na kupapasa goti la mtoto aliyeanguka, anafunga barrière hiyo.

Habari ikipita, inapanda mpaka ubongo, na ubongo nao una neno lake. Una njia ya kushusha amri kwenye uti wa mgongo: « Punguzeni kelele huko chini. » Wachimbaji wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Shimo linabomoka, mtu anachomoka, anakimbia, anavuta mwenzake, na baadaye tu anaona mguu wake mwenyewe umevunjika. Munganga Mmarekani Henry Beecher aliliona hilo kwa askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili: wengi wao, na vidonda vikubwa, hawakuomba dawa ya maumivu. Tukumbuke basi: kutosikia maumivu si alama ya kutoumia. Anayetoka chini ya udongo apelekwe kupimwa hata kama anasema yuko sawa.

Morfini inayotoka ndani yetu

Sasa sindano. Anayechoma akupunktura vizuri hatafuti ngozi tu. Anaingia mpaka kwenye nyama, anaizungusha au anaiunganisha na kamashine kadogo ka umeme. Mgonjwa anasikia uzito, ganzi kidogo, kama nyama inavutwa. Mahali panapojulikana sana ni kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha kwanza.

Kule Beijing, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la watafiti pamoja na profesa Han Jisheng walipima jambo hili kwa watu. Waliona kwamba sindano ya mkono inafanya ngozi ya mwili ivumilie maumivu zaidi, lakini si mara moja: nguvu inapanda polepole na kufika juu baada ya nusu saa hivi. Kisha wakapiga dawa ya ganzi kwenye nyama palepale pa sindano. Nguvu yote ikapotea. Maana yake ni wazi: sindano inafanya kazi kwa kupitia mishipa ya fahamu. Ukiifunga mishipa hiyo, sindano inakuwa chuma tu.

Wakaenda mbali zaidi. Walichukua maji yanayozunguka ubongo wa sungura aliyechomwa sindano, wakayatia kwa sungura mwingine ambaye hakuchomwa. Huyu wa pili naye akavumilia maumivu zaidi. Kumbe ubongo ulitoa dawa fulani ndani ya yale maji.

Dawa gani? Jibu lilikuja 1975 kutoka mji wa Aberdeen, huko Scotland. John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua ndani ya ubongo vitu vidogo vinavyofanya kazi kama morfini. Baadaye vikapatikana vingine vya familia hiyo, na watu wakavizoea kwa jina la endorfini, maana yake morfini ya ndani. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwachoma watu sindano za akupunktura, maumivu ya meno yakapungua. Wakawapa naloksoni, dawa inayozuia morfini, na maumivu yakarudi. Profesa Han akaonyesha baadaye kwamba hata mwendo wa umeme una maana: ukipiga mara 2 kwa sekunde mwili unatoa aina moja ya endorfini, ukipiga mara 100 unatoa nyingine.

Kule Paris, mwaka 1979, Daniel Le Bars na wenzake walieleza jambo jingine ambalo bibi zetu walilijua: maumivu ya sehemu moja yanaweza kuzima maumivu ya sehemu nyingine. Sindano inayouma kidogo mkononi inaamsha ubongo kushusha amri yake kwa mwili mzima.

Hiyo ndiyo sehemu ya ukweli. Sindano haileti dawa kutoka nje. Inaamsha ile tuliyozaliwa nayo.

Lakini kuna sehemu iliyofichwa

Endorfini zinapunguza maumivu. Kupunguza si kumaliza. Na kisu cha munganga hakitaki nusu-nusu.

Wapasuaji wa China wenyewe walitaja matatizo matatu. La kwanza: maumivu hayaishi yote, hasa kisu kinapokata ngozi na pale kinapofika ndani. La pili: nyama za tumbo hazilegei, zinabaki ngumu, na munganga hawezi kufanya kazi ndani ya tumbo lililokaza. La tatu: utumbo ukivutwa, mgonjwa anasikia vibaya sana, anatapika, moyo unabadilika mwendo. Ndiyo maana operesheni zilizofaulu zaidi zilikuwa za shingo, kichwa, meno, na si za tumbo.

Tena wagonjwa walichaguliwa. Waliochukuliwa ni wale watulivu, wenye imani, waliokubali wenyewe, na ambao walielezwa kila hatua mapema. Na karibu wote walipewa dawa nyingine pembeni: ya kutuliza moyo, ya maumivu, na mara nyingi ganzi palepale pa kupasulia. Siasa ya Mao ilipopita, hospitali nyingi za China ziliiacha njia hiyo.

Mfano wa karibu ni wa 2006. Televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha mwanamke kijana wa Shanghai akipasuliwa moyo, sindano zikiwa mwilini, macho wazi. Watu walishangaa sana. Baadaye ikajulikana vizuri: alikuwa amepewa dawa tatu kali kwa mshipa, moja ikiwa fentanyl, yenye nguvu kupita morfini kwa mbali, na kifuani alipigwa ganzi nyingi. Sindano zilikuwepo, ndiyo. Lakini kazi kubwa ilifanywa na dawa.

Na imani nayo ina kazi yake. Huko Ujerumani watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo waligawanywa mafungu matatu, na matokeo yakatoka 2007. Kwa kila watu 100 waliochomwa sindano za kweli, 47 walipata nafuu. Waliochomwa sindano za kudanganya, mahali pasipo na maana na bila kuingia ndani, 44. Waliopata matunzo ya kawaida, 27. Mtu akiamini anatunzwa vizuri, ubongo wake wenyewe unafungua endorfini. Si uongo wala si uchawi: ni mwili unaitikia. Ila imani haitoshi kufungua tumbo.

Leo, kule China, wanaotumia sindano kwenye operesheni wanaziunganisha na dawa za kawaida, ili dawa zipungue kidogo na mgonjwa aamke vizuri. Ni msaada wa dawa, si badala yake.

Hapa kwetu wanakulalisha na nini?

Bunia inajua operesheni. Mwaka 2003, vita vilipowaka mjini, Médecins Sans Frontières walifungua hospitali pale Bon Marché na kupasua majeruhi usiku na mchana. Nyankunde ilikuwa hospitali kubwa ya upasuaji kabla ya kushambuliwa mwezi wa tisa 2002, na kazi yake imeendelea. Hôpital Général na Centre Médical Évangélique vinapokea watu wa kare kila leo. Tuseme basi dawa zinafanya nini, kwa sababu woga mwingi unatokana na kutojua.

Dawa ya kwanza ni ketamini. Ilijaribiwa kwa watu mara ya kwanza 1964, na tangu 1985 iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Inakata mawasiliano kati ya mwili na ubongo: maumivu yanagonga mlango, lakini hakuna anayefungua. Uzuri wake kwa nchi yenye umeme wa kubahatisha ni kwamba mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na moyo hauanguki. Ubaya wake unajulikana: wakati wa kuamka mtu anaweza kuona maono, kupiga kelele, kuita wafu, kusema maneno yasiyoeleweka. Familia nyingi zinashtuka, zinasema pepo limemwingia, au mtu amemroga chumbani mle. Hapana, ni dawa inatoka kichwani. Mwacheni mahali patulivu, mwanga kidogo, sauti ya chini, mtu mmoja anayemfahamu akae karibu. Itapita.

Ya pili ni ganzi ya mgongoni, ile watu wanaita rachi. Sindano inaingia kati ya mifupa ya mgongo na dawa inafunga nyuzi za fahamu za kiuno na miguu. Mtu anabaki macho, lakini chini hasikii. Inafaa sana kwa ngiri, kwa miguu, kwa mama anayejifungua kwa operesheni. Miguu inabaki mizito kwa saa chache, kisha inaamka. Anayetaka kupasuliwa macho wazi, hadithi yake ya Wachina iko hapa hapa Bunia, na hii inafanya kazi kabisa.

Ya tatu ni ganzi ya palepale, kwa kidole kilichosagwa au kidonda cha kushona.

Usimfiche munganga

Hapa ndipo maisha yenyewe yanapochezwa. Munganga wa usingizi anapima dawa kufuatana na mwili anaoambiwa. Ukimdanganya, anapima mwili wa mtu mwingine.

Tunazungumza kwanza juu ya tramadol. Tunajua inatembea kwenye kare, ili mtu apige kazi bila kusikia uchovu. Tramadol inakaa kwenye viti vilevile vya ubongo vinavyongojea endorfini. Ukiimeza kila siku, mwili unazoea, na dawa ya maumivu ya hospitali inakuwa kama maji. Hata sindano za Wachina hazifanyi kazi vizuri kwa mwili uliozoea morfini. Profesa Han alilionyesha hilo kwa wanyama. Zaidi ya hapo, tramadol ikikutana na dawa nyingine za usingizi inaweza kuzima pumzi. Kwa hiyo sema: nimemeza ngapi, lini.

Pombe ni vilevile. Na wale wanaochoma zahabu kwa mercure waseme pia: moshi wake unaharibu mishipa ya fahamu na figo. Mikono ikitetemeka, usingizi ukikimbia, midomo ikipata ganzi, munganga anapaswa kujua kabla hajachukua sindano yake.

Chakula nacho. Wanaposema usile, si kukutesa. Mtu aliyelala dawa akitapika, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Kwa kawaida chakula kinaachwa saa 6 kabla, maji matupu saa 2, lakini fuata unavyoambiwa na hospitali yako. Mama anayempa mgonjwa uji kwa siri asubuhi ya operesheni, kwa huruma, anamtia hatarini.

Na mchomaji wa sindano akija mtaani?

Kwa maumivu ya mgongo au ya magoti, akupunktura inaweza kumsaidia mtu, ikifanywa na aliyefunzwa. Lakini sindano iwe mpya, itolewe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, na itupwe baada yako. Sindano iliyopita kwa mwingine inabeba sida na ugonjwa wa ini. Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyogusa Ituri yetu, ilitufundisha tena kwamba damu ya mtu haichezewi. Anayechoma kifua au mgongo wa juu bila ujuzi anaweza kutoboa pafu. Na yeyote anayekuambia atakupasua kwa sindano peke yake, bila dawa, bila mashine ya kupima pumzi na moyo, achana naye, hata kama bei yake ni nusu.

Kuna kitu kimoja cha Wachina ambacho hakiombi sindano wala franka. Baada ya operesheni watu wengi wanasikia kichefuchefu. Pima vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kiganja, upande wa ndani wa mkono, kati ya ile mishipa miwili migumu. Bonyeza hapo kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kiasi, dakika chache, kisha rudia. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kuamsha mahali hapo kunapunguza kutapika baada ya operesheni, karibu sawa na dawa za kutapika. Mwulize munganga kwanza, halafu mke au ndugu aliyekaa kando ya kitanda anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Kwa wenye ngiri wanaongoja bado: ngiri haingojei. Siku utumbo ukibanwa ndani yake, ukaanza kutapika na uvimbe ukawa mgumu usiorudi, kutoka Mongbwalu mpaka Bunia ni kama kilomita 80 za barabara tunayoijua sote, tena usiku. Afadhali kuja mchana, kwa miguu yako mwenyewe, na kumwuliza munganga swali ambalo kila mgonjwa ana haki ya kuuliza: « Utanilalisha na dawa gani, na nani atakaa kunichunga mpaka niamuke? »